Somo: Kuchagua programu ya kuediti na kupanga picha (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, habari za kazi.

Inboksi yangu haiishi swali hili: "Nimenunua kamera, niweke programu gani kwenye laptopu?" Nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu.

Wengi wanachagua programu kwa jinsi inavyopendezesha picha. Mimi nawaambia waanzie mlango wa kutokea. Siku programu ikifa, ikipanda bei, au ukikosa hela ya kuilipia, utatoka na nini mkononi? Google waliinunua Picasa, programu ya kupanga picha, mwaka 2004, wakaiacha 2016. Aperture, ya kuediti na kupanga picha ya Apple, iliingia sokoni 2005, ikaacha kuuzwa 2015, na kuanzia macOS Catalina ya 2019 haifunguki tena. Kwa Lightroom, programu ya Adobe ya kuediti na kupanga, toleo la 6 lilikuwa la mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja. Masasisho yake yalikoma mwishoni mwa 2017, kwa hiyo ukinunua kamera iliyotoka baada ya hapo, RAW zake (mafaili ghafi ya kamera, kabla hayajageuzwa JPEG) haizisomi. Picha za harusi ya mtu zinatakiwa zidumu kuliko programu yoyote kati ya hizi.

Hatua ya 1. Jua unapiga nini na kwa wingi gani: harusi, habari, bidhaa, au familia yako.

Hatua ya 2. Tenganisha kazi tatu ambazo watu wanazichanganya: kuchambua (hii inabaki, hii inatoka), kupanga (nyota, majina, maneno ya kutafutia), na kuediti. Si lazima programu moja ifanye zote. Photo Mechanic inachambua kwa kasi sana na inaandika maelezo, lakini haiediti RAW. digiKam ni ya bure na katika kupanga iko vizuri mno. darktable na RawTherapee ni za bure na zinaediti RAW kwa undani. Lightroom Classic na Capture One zinafanya zote tatu, ila kwa malipo. GIMP ni ya kufanyia kazi picha moja moja, kama kufuta waya au kuunganisha picha mbili, kwa hiyo usiitegemee kupanga picha elfu mbili za send-off.

Hatua ya 3. Pima mashine yako. RAM ya GB 8 itakusogeza kwa shida, GB 16 utapumua. Na kama hadidiski ya ndani ni ile ya kuzunguka, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kabla hujalaumu programu.

Hatua ya 4. Tengeneza folda zako kabla ya kusakinisha chochote. Anza na mwaka, mwezi, siku, halafu jina la kazi: 2024-06-15_harusi_kigamboni. Zitajipanga zenyewe kwenye kompyuta yoyote, hata isiyo na programu ya picha.

Hatua ya 5. Jua kazi yako inahifadhiwa wapi. Hapa tulieni, maana watu wengi wanaonifuata wakilia wameharibikiwa hapa.

Programu hizi haziigusi RAW yako. Ukiongeza mwanga au ukiweka nyota tano, yanayoandikwa ni maelekezo tu, na yanakaa mahali fulani. Fungua folda uangalie. Ukitumia darktable utakuta DSC_0412.NEF (hiyo ni RAW ya Nikon), na pembeni yake DSC_0412.NEF.xmp. Kifaili hicho cha pili ni cha kilobaiti chache, lakini ndicho kimebeba kazi yako. Kifungue kwa Notepad, tafuta neno xmp:Rating, na nyota zako utaziona hapo kwa namba. RawTherapee nayo kwa kawaida huweka kifaili cha .pp3 pembeni ya picha.

Lightroom Classic ni tofauti. Kila kitu kinaingia kwenye katalogi, faili lenye mwisho wa .lrcat, na vifaili vya XMP haiandiki mpaka uiambie. Nenda Catalog Settings, kipande cha Metadata, weka tiki kwenye "Automatically write changes into XMP". Fanya hivyo leo. Hata hivyo kuna vitu haviingii kwenye XMP: makusanyo uliyotengeneza, nakala pepe (toleo la pili la picha bila kunakili faili), na historia ya hatua zako vinabaki kwenye katalogi peke yake.

Elewa pia kinachosafiri na kisichosafiri. Nyota, maelezo na maneno ya kutafutia husomwa na karibu kila programu. Rangi na mwanga ulivyorekebisha havihami vizuri kutoka programu moja kwenda nyingine, kwa sababu kila moja ina hesabu zake. Kwa hiyo kazi ya mteja ikikamilika, toa JPEG za ubora wa juu za picha zote alizochagua, uzihifadhi pamoja na RAW. Zile chache za thamani zitoe kwa TIFF (faili kubwa lisilopunguza ubora), ila ujue TIFF ya biti 16 ya kamera ya megapikseli 24 ni kama MB 144 bila kubanwa.

ONYO: ukishaingiza picha kwenye Lightroom, usihamishe folda wala kubadilisha jina lake kupitia Windows. Hamishia ndani ya programu. Ukihamisha nje, programu itasema picha hazipo. Kama umeshafanya, usifute wala usiingize upya, maana utapata nakala mpya zisizo na kazi yako. Bofya kulia kwenye folda yenye alama ya kuuliza, chagua "Find Missing Folder", uioneshe ilipo.

Hatua ya 6. Bakapu. Lightroom ikikuuliza wakati wa kuifunga kama ufanye bakapu, inayohifadhiwa ni katalogi. Picha hazimo. Katalogi ni kama daftari la stoo: limeandika kila gunia liko wapi, lakini mahindi hayamo ndani ya daftari. Isitoshe, usipobadilisha mpangilio, bakapu hiyo inakaa kwenye folda ya Backups pembeni ya katalogi yenyewe, kwenye diski ile ile. Diski ikifa vinaondoka vyote. Elekeza bakapu ya katalogi kwenye diski nyingine, na picha zenyewe zinakili kwa mkono kwenye hadidiski mbili za nje, moja ikae nje ya nyumba au studio. Kadi ya kamera usiifute mpaka nakala mbili ziwepo na umefungua picha kadhaa kutoka kila nakala. Kuona idadi ya mafaili inalingana hakutoshi.

Hatua ya 7. Jaribu kabla ya kulipa. Nyingi za kulipia zina muda wa majaribio. Chukua folda moja ya zamani, inakili, weka nyota, andika majina, editi chache. Halafu fungua folda hiyo hiyo kwa programu nyingine uone nini kimebaki. Jaribio hilo litakufundisha kuliko video za YouTube.

Karibuni kwa maswali.

---

lenzi_moja: Mkuu somo refu. Kwa kifupi, ipi nzuri kuliko zote?

Jibu: Hatua ya 1 na ya 2. Hujasema unapiga nini.

picha_town: Mwenye Lightroom iliyokrekiwa anitumie. Za kulipia ni za Wazungu, sisi wa harusi za mtaani tutazipata wapi.

Jibu: Hapa hatutoi. Mafaili ya kreki mengi yanakuagiza uzime antivirusi kwanza. Kwenye laptopu hiyo hiyo una picha za mabibi harusi wa watu na pengine una namba zako za benki. Unamfungulia mlango mtu usiyemjua. Kama hela ndiyo shida, darktable, RawTherapee na digiKam ni bure kihalali, nimeziandika juu.

studio_ya_kona: Mimi nilikuwa nalipia Lightroom Classic, biashara ikayumba nikasimamisha. Sasa siwezi kuediti. Kazi zangu za nyuma zimepotea?

Jibu: Hazijapotea, tulia mkuu. Malipo yakikoma, sehemu ya Develop (ya kuediti) na ya ramani zinafungwa, lakini Library (ya kupanga) bado inafunguka. Unaona picha, unatafuta, na unaweza kutoa JPEG zikiwa na mabadiliko yako. Usiifute programu. Anza na kazi za wateja ambao bado wanaweza kurudi kwako, toa JPEG kamili za picha zenye nyota. Kisha chagua picha zote kwenye Library, bonyeza Ctrl na S ili nyota na maneno yaandikwe kwenye XMP. Baada ya hapo fungua folda zile kwa darktable, utaona nyota zako.

bando_limekata: Kwani Google Photos haitoshi kuwa bakapu? Mimi natupia huko kila kitu.

Jibu: Hifadhi ya bure isiyo na kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021. Sasa una GB 15, na humo zimo barua zako za Gmail na mafaili ya Drive. RAW moja ya megapikseli 24 ni kama MB 25 hadi 30. Picha 2,000 za harusi moja ni GB 50 na zaidi, na bando la kuzipandisha hujalihesabu. Kwa picha za simu iko vizuri. Kwa kazi ya wateja, hadidiski.

dada_mwambao: Naomba kuuliza tofauti kidogo. Bibi yangu Tanga ana sanduku la picha za zamani, nyingi ni za shughuli za familia. Nataka kuziskani na kuandika nani ni nani kabla wanaowajua hawajaondoka. Nianzie wapi, na majina niyaandike kwenye jina la faili?

Jibu: Dada, swali lako limenifurahisha sana, na nitalijibu kwa kirefu.

Skani kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), hifadhi TIFF. Skani na mgongo wa kila picha wenye maandishi au muhuri wa studio, hata kama hausomeki vizuri, uupe namba ile ile na herufi b: tanga_0031.tif na tanga_0031b.tif. Jina la faili liishie hapo. Majina ya watu yaandike kwenye maelezo ya picha, kwa mpangilio wa walivyosimama, kushoto kwenda kulia.

Tumia digiKam. Ina lebo za ngazi, kwa hiyo unaweza kuwa na Watu, chini yake Upande wa bibi, chini yake majina. Inatambua nyuso pia: ukishamtaja mtu kwenye picha kadhaa itaanza kukupendekezea nyingine. Nyuso za utotoni inazikosea, zithibitishe mwenyewe. Kwenye mipangilio ya metadata (maelezo yanayoambatana na picha) hakikisha lebo zinaandikwa ndani ya picha au kwenye XMP, zisibaki kwenye hifadhidata ya programu pekee. Hapo hata binamu yako akipewa nakala, majina yataenda nayo.

Ukikaa na bibi, rekodi sauti kwa simu na utaje namba ya picha mnayoiangalia: "hii ni thelathini na moja". Mwache azungumze, utaandika baadaye. Tarehe isiyojulikana usiibuni. Andika "kabla ya kuolewa kwa shangazi fulani", inatosha kabisa na ina maana kwa familia.

dada_mwambao: Ahsante sana kaka. Na majina ya utani niyaweke?

Jibu: Weka yote. Wajukuu wengi wanamjua babu kwa jina la utani tu, na ndilo watakalolitafuta.

mwandishi_chipukizi: Shikamoo mwalimu. Nafanya mazoezi kwenye gazeti. Mhariri anazirudisha picha zangu, anasema hazina maelezo, na mimi huwa nayaandika kwenye WhatsApp chini ya picha.

Jibu: Marahaba. Anataka maelezo yawe ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu za IPTC: nani, wapi, lini, kinachotokea, na jina lako mpigapicha. Maandishi ya WhatsApp yanabaki kwenye WhatsApp. Wanahabari wengi wanaipenda Photo Mechanic kwa kazi hiyo, maana unaandika maelezo ya pamoja mara moja na kuyapaka kwenye picha zote, halafu unarekebisha moja moja. Kama huna bajeti, digiKam ina sehemu hizo hizo.

picha_town: Nimeweka darktable. Mbona picha imefunguka imepauka kuliko nilivyoiona kwenye kamera?

Jibu: Vizuri umejaribu. Kwenye kioo cha kamera ulikuwa unaiona JPEG ambayo kamera imeshaiongezea rangi na makali. RAW inafunguka bila hayo. Anza na moduli ya exposure upate mwanga, kisha filmic au sigmoid, moja kati ya hizo, usiziwashe zote mbili. Halafu color balance rgb kwa rangi. Ukipata mwonekano unaoupenda, uhifadhi kama style na uupake kwenye harusi nzima. Ukikwama weka picha hapa tuitazame.

studio_ya_kona: Naongeza la pembeni: wateja wanaopokea kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti, siyo kama picha, inabaki na ubora wake. Na toeni kwa sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa simu na mtandao), ukitoa kwa Adobe RGB, mpangilio mpana zaidi, rangi zinaweza kufifia kwenye simu ya mteja.

Jibu: Kweli kabisa. Hilo la sRGB linasababisha ugomvi mwingi na wateja.

lenzi_moja: Samahani kwa swali la mwanzo mkuu, napiga kitchen party na harusi. Jana nimeformati kadi kabla ya kunakili. Kuna namna?

Jibu: Ipo, ukiwahi. Itoe kadi kwenye kamera sasa hivi na usipige hata picha moja juu yake. Pakua PhotoRec, ni ya bure. Ielekeze kwenye kadi, na sehemu ya kuhifadhi chagua hadidiski ya kompyuta, kamwe usihifadhi kwenye kadi ile ile. Majina ya mafaili yatapotea, lakini tarehe ya kupigwa iko ndani ya picha, kwa hiyo digiKam itakupangia upya. Nijulishe umepata ngapi.