Kizibo cha nyuma cha gobore: kukisafisha na kukifunga kisivuje moto

Maelezo haya ni ya magobore ya kisasa ya Marekani, yale ambayo fataki (kile kidude kinachowasha baruti) hukaa nyuma ya baruti kwenye mstari mmoja na mtutu. Aina hii ilienea baada ya bunduki ya Knight MK-85 kutolewa mwaka 1985, na nyingi siku hizi hutumia fataki ya 209, ileile ya risasi za shotigani. Kizibo chake cha nyuma hufunguliwa, kwa hiyo mtutu unasafishika kuanzia nyuma hadi mdomoni. Gobore la kizamani lenye mtambo ubavuni ni jambo jingine kabisa: kizibo chake kilikazwa na fundi ili kibaki hapohapo. Usikiguse. Lisafishe kwa maji ya moto kupitia mdomoni.

Watu wengi huamini kwamba grisi ndiyo inayoziba moshi na moto, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Kinachoziba ni chuma kugusana na chuma: mbele ya kizibo kuna uso au bega linalokaa juu ya bega jingine lililochongwa ndani ya mtutu. Grisi au tepu kwenye hesi (ile mikato ya skrubu ya kizibo) ina kazi mbili tu: kuzuia masizi yasijae humo, na kukiwezesha kizibo kufunguka tena. Upande wa nyuma, fataki hubanwa kati ya kizibo na uso wa mtambo. Baadhi ya vizibo huwa pia na oringi ndogo (pete ya mpira) hapo.

Kabla ya kushika spana, toa fataki, kisha tumbukiza mdeki (fimbo ya kushindilia) hadi mwisho. Mdeki unatakiwa uwe na alama mbili: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa. Alama ya mtutu mtupu ikibaki juu ya mdomo, kuna kitu ndani. Bunduki ya namna hiyo haipigwi nyundo, haipashwi joto, wala haifungwi kwenye jiliwa.

Fungua kwa kifaa kilichokuja na bunduki, au kwa soketi ndefu ya pembe sita kama kichwa cha kizibo kinairuhusu. Kikikataa, usiongeze bomba kwenye mpini wa spana, maana utavua pembe za kichwa halafu ubaki na kazi ya fundi bunduki. Tia oili ya kulegeza kutu kutoka nyuma na kutoka ndani ya mtutu, acha usiku kucha, kisha jaribu kukikaza kidogo kabla ya kukifungua. Mtutu ukiwa mtupu kwa hakika, maji yanayochemka yakimiminwa ndani husaidia sana kuachanisha masizi.

Chumvi iliyomo kwenye masizi ndiyo hukigandisha kizibo. Masizi ya baruti nyeusi na ya Pyrodex, baruti mbadala yake, hunyonya unyevu wa hewa, na kutu huanza ndani ya hesi ambako huioni. Kwa baruti hizo, na baruti mbadala ya Triple Seven pia, kizibo kitoke siku ileile uliyopiga. Kilowekwe kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa dakika 10 hadi 15, kisuguliwe kwa mswaki wa zamani, kikaushwe kabisa. Baruti mbadala ya Blackhorn 209 haisikii maji. Inataka dawa ya kusafishia bunduki, na huacha kaboni ngumu kwenye njia ya moto, ule mfereji kati ya fataki na baruti. Kaboni hiyo watu huikwangua kwa biti ya drili ya inchi 1/8 (milimita 3.2) iliyoshikwa kwa vidole, ikiwa mfereji wa kizibo chao una upana huo. Usiifunge kwenye mashine ya drili: itakula chuma.

Tundu la moto lenyewe, pale mfereji unapofungukia kwenye baruti, ni dogo mno, kama inchi 0.030 (milimita 0.76) kwenye vizibo vingi vipya. Lipitishie waya mwembamba kuliko tundu. Gesi hulila kidogo kidogo, na likikaribia inchi 0.040 wengi hununua kizibo kipya, kwa sababu gesi inayorudi nyuma inakuwa nyingi na shabaha huanza kutawanyika. Hesi za ndani ya mtutu nazo zisafishwe, pamoja na lile bega. Punje moja ya kaboni hapo inatosha kuzuia kizibo kisikae.

Sasa grisi. Tumia ile ya joto kali ya kuzuia chuma kugandana, yenye unga wa shaba au nikeli. Kiasi cha punje moja ya mchele kinatosha hesi zote. Isambaze mpaka uone rangi tu. Isifike kwenye uso wa mbele wala kwenye tundu la moto, kwani ikifika huko fataki italia na baruti isiwake, au iwake kwa kuchelewa. Grisi ya kawaida ya bawaba za milango huungua na kuwa gundi. Anayependa tepu nyeupe ya mafundi bomba azungushe mizunguko miwili, aelekeze uso wa kizibo kwake na kuzungusha kufuata saa, aache hesi ya kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye mtutu. Chagua kimoja kati ya hivyo, usichanganye.

Kirudishe kwa vidole. Kikikwama kabla ya kufika, kitoe usafishe upya. Spana haitatui uchafu. Kikishakaa, kigusie spana kidogo tu. Vile vilivyotengenezwa kufungwa kwa vidole, spana haihusiki.

Kabla ya kushindilia, elekeza mdomo kwenye jani kavu ardhini mahali salama, ulipue fataki moja bila baruti. Jani lisipotikisika, njia imeziba.

Baada ya kupiga, soma masizi. Yakiwa kwenye hesi za mbele tu, si tatizo. Yakifika hadi hesi za mwisho nyuma, kizibo hakikukaa au bega limelika: acha kupiga mpaka fundi aangalie. Masizi kwenye uso wa mtambo na kwenye darubini hutoka upande wa fataki. Hapo badilisha oringi iliyokauka, au jaribu fataki ya kampuni nyingine, kwa kuwa unene wa kitako chake hutofautiana na pengo dogo tu hupitisha moto.