Kupanga mapumziko ya Unguja kwa hesabu ya mwezi na maji

"Dada, bahari imekwenda wapi?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama mmoja kutoka Dodoma. Alikuwa amesimama pwani ya Jambiani, mashariki ya Unguja, saa nne asubuhi na watoto wake wawili, wameshavaa nguo za kuogelea. Mbele yao mchanga mtupu, vidimbwi na mashamba ya mwani. Maji yenyewe yalikuwa yakimeremeta huko mwambani, mwendo wa zaidi ya kilomita moja. Nikamwambia yatarudi, yatajaa kama saa kumi. Lakini mimi ndiye niliyewapangia safari, na saa nane nilikuwa nimewawekea gari ya kwenda mjini, na kesho yake pia matembezi ya mchana. Safari waliyoiwekea akiba mwaka mzima, wakaogelea mara moja tu. Mimi nimezaliwa pwani ileile, hesabu ya maji naijua tangu utotoni, kwa hiyo kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile sijampangia mtu safari bila kuuliza kwanza mwezi utakuwa tarehe ngapi.

Utaratibu ninaoutumia ndio huu.

Hatua ya 1: Chagua msimu kwa upepo

Juni hadi Septemba ni kusi. Hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo na mvua haba, lakini upepo unapiga sana kusini mashariki, na mkondo kati ya Dar es Salaam na Unguja huchafuka. Desemba hadi Februari ni kaskazi: joto kali, na upepo huupiga zaidi upande wa Matemwe na Kiwengwa, kaskazini mashariki ya kisiwa. Mwisho wa Machi hadi Mei ni masika. Bei hushuka, lakini baadhi ya hoteli hufungwa, na mvua inaweza kukuweka ndani siku tatu mfululizo.

Anayeniachia nimchagulie namwambia aje mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kusi linapopoa na kaskazi haijashika. Wazee wanayaita majira ya pepo kubadilika tanga mbili, kwa kuwa chombo kinaweza kutweka kikaenda upande wowote. Bahari hutulia, maji huwa maangavu.

Tazama pia Ramadhani inaangukia lini. Kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mchana wa mfungo migahawa mingi ya mitaani hufungwa, na haifai kula wala kunywa hadharani. Wageni wengine huipenda kwa ajili ya futari na usiku wa mjini. Ukija na watoto wadogo, jipange mapema kwa chakula cha mchana.

Hatua ya 2: Hesabu maji

Hapa usiharakishe. Kwetu maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na tofauti ya kimo hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayaendi mbali.

Sasa shika jambo moja tu. Siku za bamvua, Unguja hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake: hujaa kama saa nne, hukupwa kama saa kumi. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inakutosha. Tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za mwezi mwandamo zihesabu kuwa bamvua. Tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23, maji mafu. Ukipata jedwali la maji ya bandari ya Zanzibar kwenye intaneti, lihakikishe nalo, kwani hesabu ya kichwa inaweza kupishana na maji kwa saa moja hivi.

Wageni wengi wakisikia maji yanatoka kilomita nzima wanadhani bamvua ni hasara. Si kweli, mradi ujue la kufanya na saa zako. Bamvua inakupa asubuhi ya kutembea juu ya sakafu ya bahari na jioni ya kuogelea. Maji mafu yanakupa asubuhi ya kuogelea, na ndiyo siku ninazopendelea kupeleka watu kisiwa kidogo cha Mnemba kutazama samaki, maana mkondo huwa hauna nguvu nyingi. Fungu la mchanga huko Fumba, kinyume chake, linataka maji yatoke ndipo lionekane.

Hatua ya 3: Linganisha pwani na watu wako

Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi na pwani zake hazifanani. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi maji hayaendi mbali. Unaogelea saa yoyote, na jua linazama mbele ya macho yako. Kuna watu wengi na muziki wa usiku. Paje, Bwejuu na Jambiani ni pwani ya mashariki: utulivu, vijiji vyenye maisha yao, na kuogelea kwa kufuata saa za maji. Paje wakati wa kusi hujaa wachezaji wa tiara za baharini, wanaovutwa juu ya maji kwa upepo, na mtoto mdogo hapaswi kuogelea katikati ya kamba zile.

Mji Mkongwe upe usiku mmoja angalau. Watu huupitia kwa saa mbili wakiwahi boti, halafu wanasema wameuona.

Hatua ya 4: Uliza malazi kabla ya kulipa

Picha nyingi za hoteli hupigwa maji yakiwa yamejaa. Kwa hiyo omba video fupi ya pwani saa ya kukupwa, siku ya bamvua. Uliza tozo za serikali za kila usiku zimo ndani ya bei au utadaiwa ukifika. Uliza umeme ukikatika kuna jenereta. Lipa sehemu tu ya fedha, kwa akaunti yenye jina la biashara, na risiti uitunze. Anayetaka zote leo kwa namba ya simu ya mtu binafsi, muache.

Hatua ya 5: Vuka salama

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua saa mbili hivi hadi bandari ya Malindi. Msimu wa kusi chukua ya asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka vizuri, na kaa chini upande wa nyuma, hapo mtikisiko ni mdogo. Mtanzania abebe kitambulisho. Mgeni wa nje abebe pasipoti na aangalie mapema masharti ya bima ya kuingilia ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024.

Kutoka mjini, gari za abiria za Jambiani zina nambari 309 na za Nungwi 116. Ni nafuu sana, ila zinasimama kila mtaa. Mwenye mizigo na watoto akodi teksi, wakubaliane bei kabla mlango haujafungwa.

Hatua ya 6: Andika siku moja moja

Mfano wa familia ya watoto wawili, Jambiani, kuanzia tarehe 13 ya mwezi mwandamo:

Tarehe 13: boti ya asubuhi, moja kwa moja Jambiani. Saa tisa maji yanajaa, watoto waingie, wazazi wapumzike.
Tarehe 14: saa nne asubuhi maji yametoka, nendeni mashamba ya mwani. Jioni kuogelea, usiku mbalamwezi.
Tarehe 15: asubuhi msitu wa Jozani kuwatazama kima punju, ambao hawapatikani porini popote pengine isipokuwa Zanzibar. Saa tisa muwe mmesharudi.
Tarehe 16: Fumba, fungu la mchanga. Nahodha ndiye atakayesema saa ya kuondoka, mfuateni.
Tarehe 17: asubuhi funga mizigo, nenda Mji Mkongwe, jioni bustani ya Forodhani, ulale mjini. Kesho yake boti.

Usijaze zaidi ya hapo. Mama wa Dodoma nilimpa matembezi sita kwa siku nne, nikidhani namfurahisha.

Hatua ya 7: Ingia shambani kwa adabu

Mwani ulianza kulimwa kibiashara hapa mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Utawaona maji yakitoka: wamejifunga kanga, wameinama magoti yakiwa majini, kila mmoja baina ya vijiti vyake, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyovutwa kutoka kijiti hadi kijiti. Vidole vimekunjamana kwa chumvi. Saa zao ni chache, maji yakianza kurudi kazi imekwisha, kwa hiyo usimsimamishe mtu ili umpige picha. Salimia kwanza, "Shikamoo bi mkubwa" kwa aliyekuzidi umri, omba ruhusa, na usikanyage kamba. Vaa yeboyebo, kuna miiba. Kijijini funika mabega na magoti. Nguo ya kuogelea iishie pwani.

Na wewe pia utazame nyuma. Maji ya bamvua hurudi kwa kupitia mikondo iliyo kati yako na nchi kavu, yakakuzunguka kabla hujayaona. Wale kinamama wakianza kubeba magunia yao kuelekea juu, shika watoto mikono mrudi nao.