Kabla hujampeleka mzazi makao ya wazee England: namna ya kusoma tovuti zao

Ukishaona hali ya mama haiwezekani tena kuhudumiwa nyumbani, utajikuta usiku baada ya zamu unapekua tovuti za makao ya wazee kwenye simu. Zote zina bustani, bibi anayecheka na mhudumu aliyemshika mkono. Picha nyingine ni za kununua tu, hazikupigwa hapo.

Tafuta picha ya chumba, uikuze. Kitanda kimetandikwa vizuri, mito mitatu, trei yenye glasi mbili za juisi. Kengele ya kumwitia mhudumu iko wapi? Chooni kuna vishikio? Kiti cha magurudumu kinapita mlangoni? Mtu ambaye magoti hayamruhusu kuinuka peke yake ataishi na vitu hivyo kila siku.

Halafu toka kwenye tovuti yao, uingie ya CQC, tume inayokagua huduma hizi England. Scotland wana Care Inspectorate, Wales wana chombo chao, na Ireland ya Kaskazini wana RQIA. Tangu Aprili 2015, makao ya England yaliyopewa daraja na CQC hulazimika kulionyesha kwenye tovuti yao na kwenye jengo. Madaraja ni manne: “Outstanding”, “Good”, “Requires improvement” na “Inadequate”. Aliyepata “Good” huiweka mahali pa kuonekana, na ni haki yake, lakini wewe tazama tarehe. Mwaka 2024 mapitio ya Dkt. Penny Dash kuhusu CQC yalionyesha kwamba baadhi ya watoa huduma walikuwa wamekaa miaka mingi bila kukaguliwa tena. “Good” ya zamani, wakati meneja amekwisha kuondoka na mwenye mali amebadilika, haikuambii chochote kuhusu zamu ya usiku wa leo.

Isome ripoti yenyewe, hata kama ni ndefu. Mimi ningeanzia sehemu ya usalama: dawa zinatolewa kwa wakati? Wahudumu wanatosha? Kisha sehemu ya uongozi. Kama nafasi ya meneja aliyesajiliwa iko wazi, piga simu uulize tangu lini.

Angalia pia aina ya makao. Yenye uuguzi huwa na nesi aliyesajiliwa saa zote. Ya malezi ya kawaida hayana. Maneno matamu ya ukurasa wa mbele huzifanya aina hizi mbili zifanane, na mzee mwenye vidonda au mrija wa chakula akipelekwa pasipomfaa atahamishwa tena akiwa dhaifu zaidi.

Kuhusu pesa, mwongozo wa mamlaka ya ushindani, CMA, wa mwaka 2018 unayataka makao yaeleze mapema ada za wiki na kama yanapokea wanaolipiwa na halmashauri. Ukikuta “tupigie kwa bei”, omba jibu kwa maandishi. Na kabla hujasaini popote, iombe halmashauri ya eneo lako imfanyie mzazi tathmini ya mahitaji. Ni bure.

Sasa lile linalotuhusu sisi zaidi. Karibu kila tovuti husema wanaheshimu tamaduni na dini zote. Waulize mambo yanayoshikika. Nyama ya halali mnanunua wapi, na inapikwa kwenye sufuria yake? Mama ataogeshwa na mwanamke kila siku, hata wikendi wahudumu wakipungua? Nani atamsaidia kutawadha? Kuna mhudumu anayejua Kiswahili, na yuko zamu zipi? Hili la lugha lipe uzito. Wazee wengi wenye ugonjwa wa kusahau hupoteza Kiingereza kwanza, wakabaki na lugha ya utotoni. Mtu anayeomba maji asieleweke ataandikwa kuwa ni msumbufu.

Waulize na wenzetu. Wakenya, Watanzania na Waganda wengi wanafanya kazi kwenye makao haya, na msikitini au kanisani hukosi dada aliyefanya zamu kwenye yale unayoyafikiria. Atakueleza wahudumu wanakuwa wangapi usiku, na kama wanaondoka kila mara.

Kisha nenda mwenyewe, jioni wakati wa chakula, ikiwezekana Jumapili. Kaa ukumbini uone kengele ikilia inachukua muda gani kuitikiwa, na asiyeweza kushika kijiko analishwa na nani.