Somo: azúcar, yaani sukari

Ondoa a ya mwanzo, weka i mwishoni, umeshafika kwenye sukari. Ndiyo maana Kihispania cha jikoni napenda kukianzia hapa.

Hatua ya 1: litamke. Herufi z ya Kihispania haisomwi kama z yetu hata siku moja. Meksiko, Kuba na Amerika ya Kusini utasikia a-SU-kar. Sehemu kubwa ya Hispania wanatamka th ya "themanini": a-THU-kar. Mkazo uko kwenye zú, na alama juu ya u inakuonyesha hivyo, usiiache unapoandika.

Hatua ya 2: litumie. Con azúcar ni yenye sukari, sin azúcar ni bila sukari. Mgahawani sema: Un café sin azúcar, por favor. Muwa ni caña de azúcar.

Hatua ya 3: lijue lilikotoka. Neno lilianzia Kisanskriti, śarkarā, likapita Uajemi, likawa sukkar kwa Waarabu. Majeshi ya Waislamu yaliingia Hispania mwaka 711, na baadaye miwa ikalimwa kusini, pwani ya Granada. Ukiweka al ya Kiarabu (kama "the" ya Kiingereza) mbele ya sukkar, l humezwa na s: as-sukkar. Wahispania wakalibeba neno pamoja na hiyo al yake. Sisi wa pwani tukachukua sukkar peke yake. Linganisha aceituna na zeituni yetu, utaona jambo lilelile. Mwaka 1493, katika safari yake ya pili, Columbus alivusha miwa hadi Karibi.

Maswali ya wanachama

Ni el azúcar au la azúcar?
El ni ya kiume, la ni ya kike, na hapa yote mawili ni sahihi. Anayeanza ashike el, ndiyo inayosikika zaidi. Hata hivyo usishtuke ukikuta el azúcar blanca (sukari nyeupe), sifa ikiwa ya kike: Wahispania wenyewe husema hivyo.

Wingi wake je?
Azúcares. Hapa Mswahili hujikwaa, maana ulimi wetu unataka kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo haukuhama: a-SU-ka-res.

Na arroz, nalo ni la Kiarabu?
Ndiyo, ar-ruzz. Ila hapo Kihispania kina neno moja tu: shambani arroz, guniani arroz, sahanini arroz. Ukitafsiri, tazama kwanza kama ni mpunga, mchele au wali.