SOMO: Bunduki ya kuwindia inapobaki kwenye gari lililoegeshwa

Wakuu, heshima kwenu. Somo hili ni kwa wenye bunduki za kuwindia na za kulenga shabaha zenye leseni, wale wanaotoka Mwanza alfajiri na kurudi jioni au kesho yake. Katikati ya safari gari lazima lisimame mahali: mafuta Usagara, sato wa kukaanga Busisi, pengine kulala Lamadi.

Gari si sefu. Kioo cha mlango kinavunjwa kwa sekunde chache, na vitasa vya magari yetu mengi vimechoka. Mwenye gari ana mambo mawili tu anayoweza kufanya. La kwanza ni kumwongezea mwizi dakika, kwa sababu mwizi wa maegesho anafanya kazi kwa dakika mbili tatu na akikwama anaondoka. La pili ni kuhakikisha kwamba hata akifanikiwa, alichobeba hakifyatui. Karibu hatua zote zilizomo humu zinatokana na hayo mawili.

Kabla ya hatua yenyewe, panga njia. Ukitoka porini pita kwanza nyumbani ushushe bunduki kwenye kabati lake la chuma, ndipo uende Kirumba kununua samaki. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu soko liko njiani, na bunduki inakaa juani saa mbili kwenye maegesho ambayo kila mtu anapita. Kuondoa kituo kimoja kwenye safari kunalinda kuliko kufuli lolote. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayekwenda Sengerema na Geita hangoji tena kivuko pale, kwa hiyo kituo kimoja kirefu kimeshaondoka chenyewe.

HATUA YA 1: Toa risasi kabla hujagusa mlango wa gari

Fanya hivi ukiwa bado porini, mtutu ukielekea ardhini mahali pasipo na mtu wala mawe. Toa magazini (kasha la risasi) kwanza, kisha vuta komeo, kile chuma unachovuta kupakia, nyuma hadi mwisho. Ukibadilisha mpangilio huo, yaani ukavuta komeo magazini ikiwa bado ndani, utatoa risasi moja na komeo likirudi litapakia nyingine. Hapo ndipo watu hupiga sakafu ya gari, au mguu.

Macho pekee hayatoshi, hasa jioni. Ingiza kidole kidogo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, uguse ukingo wa mtutu. Ukihisi duara tupu na baridi ya chuma, imetoka. Ukihisi kitu bapa, bado imo. Kwenye shotigani ya kuvuta kwa mkono, ingiza kidole pia kwenye mdomo wa mrija wa magazini chini yake. Risasi ya mwisho hupenda kubaki mle kama springi imechoka au imejaa vumbi.

HATUA YA 2: Ivunje nguvu

Raifo ya komeo ndiyo rahisi kuliko zote. Komeo linachomoka lote kwa kubonyeza kitufe kidogo ubavuni, na kwa baadhi ya raifo kwa kubana triga huku unavuta. Lifunge kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo, liweke kwenye mfuko wa koti wenye zipu, uende nalo mezani. Kilichobaki garini ni mtutu na mbao.

Shotigani ya mitutu miwili hukatika vipande vitatu: mbao ya mbele, mitutu, na kitako pamoja na bodi. Wengi hutoa mbao ya mbele peke yake na kuona wamemaliza. Haitoshi. Bila mbao ile, mitutu inaweza kuachia bunduki ikifunguliwa, lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza bado kuishikilia kwa mkono na kufyatua. Chukua mbao ya mbele uende nayo, mitutu ifungiwe mahali pamoja na kitako mahali pengine.

Shotigani za kuvuta kwa mkono na bunduki zinazojipakia zenyewe hazina kipande kidogo cha kubeba mfukoni kwa urahisi. Hizo pitisha kebo ya kufuli kwenye dirisha la kutolea maganda itokee chini kwenye mlango wa kupakilia, ili komeo lisiweze kufunga. Usipitishe kebo kwenye kile kikuku kinachozunguka triga. Kikuku cha alumini au plastiki kinavunjwa kwa nyundo moja, na kebo inayosugua triga ni hatari kwako mwenyewe. Kufuli la triga nalo usilifunge kamwe kwenye bunduki yenye risasi, pini yake ikisukuma triga inafyatua.

HATUA YA 3: Sanduku la chuma

Kwenye hili tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa hupotea bure.

Sanduku jembamba la shiti ya milimita moja na nusu, lile ambalo fundi wa kuchomelea atakupendekezea kwanza kwa sababu analo tayari, hufunguka kwa bisibisi kubwa. Agiza shiti ya milimita 3. Kwa bunduki inayokatika, urefu wa sentimita 90, upana 30 na kina 18 vinatosha: mtutu wa inchi 28 ni sentimita 71, na unabaki na nafasi ya sponji. Sanduku hilo tupu litakuwa na kilo 23 hivi. Kwa raifo isiyokatika agiza sentimita 120, na uzito utafika kilo 30. Pima nyuma ya siti kabla hujaagiza. Kwenye pikapu zenye milango minne urefu unaingia, kina ndicho kinachokataa.

Mwambie fundi mambo matatu. Kifuniko kifunike ukingo kwa sentimita mbili na nusu kushuka chini, ili ncha ya mtaimbo isipate pa kuingilia. Bawaba ziwe ndani. Kufuli liwe la kuzama ndani ya sanduku, au kama ni la kuning'inia lizungushiwe kikombe cha chuma ili mkasi wa kukatia nondo usiifikie shingo yake. Na kazi yote ya kuchomelea ifanyike sanduku likiwa nje ya gari. Kuchomelea ndani ya gari betri ikiwa imeunganishwa kunaunguza vifaa vya umeme, mbali na hatari ya tangi.

Sanduku lisilofungwa sakafuni linarahisisha kazi ya mwizi, anabeba vyote kwa mpini mmoja. Lifunge kwa bolti nne za milimita 10, zenye namba 8.8 kichwani. Chini ya sakafu weka kibati cha milimita 3, ukubwa wa sentimita 5 kwa 5, kwa kila bolti. Bila hicho, sakafu ya gari, ambayo ni nyembamba, inapasuka kama karatasi ukivuta. Nati zote zikae ndani ya sanduku, na vichwa vya bolti chini ya gari vichomelewe kwenye vile vibati kabla ya kufunga ili visishikike kwa spana. Kabla ya kutoboa, lala chini ya gari na tochi: tafuta tangi la mafuta, bomba za breki na nyaya. Ukimaliza, ziba kila tundu kwa silikoni, la sivyo vumbi la changarawe na maji ya mvua vitaingia moja kwa moja kwenye bunduki.

Asiye na sanduku atumie kebo ya chuma iliyosukwa ya milimita 10, ipitie kwenye bunduki kisha kwenye chuma cha miguu ya siti. Isipite kwenye reli ya siti inayoteleza wala kwenye kishikio cha plastiki. Zile kebo nyembamba za milimita 4 au 5 zinazokuja bure na bunduki hukatwa kwa koleo. Zinafaa kuzuia mtoto, si mwizi.

HATUA YA 4: Risasi zikae mahali pake

Sanduku lake dogo, kufuli lake, ufunguo wake, na kama gari linaruhusu, upande mwingine wa gari. Boksi la risasi 25 za shotigani lina uzito wa kilo moja na zaidi, kwa hiyo beba za siku hiyo tu.

HATUA YA 5: Ficha kabla ya kufika

Anayefungua buti, akahamisha begi refu na kulifunika shuka mbele ya walinda magari, amekwishatangaza. Kila kitu kiwe mahali pake kilomita kadhaa kabla ya kituo. Toa pia vinavyosema badala ya bunduki: stika za uwindaji, maganda matupu kwenye dashibodi, kofia ya kijani yenye damu ya kanga, mkanda wa risasi ulioning'inia nyuma ya siti. Funika sanduku kwa kitu cha kawaida kisichopendeza, gunia au turubai la vumbi.

Egesha kwa kurudi nyuma, mlango wa nyuma ukiwa karibu na ukuta kiasi cha kutofunguka. Chagua mahali unapoona gari kutoka mezani. Ukibonyeza rimoti, vuta kila kitasa kwa mkono, kwa sababu vipo vifaa vinavyozuia mawimbi ya rimoti, na mwenye gari huondoka akiamini limefunga.

Kwa mlinzi: usimwambie kilichomo, na usimwachie funguo. Kuosha gari na gereji ni mwiko kabisa bunduki ikiwa ndani. Pale gari linafunguliwa milango yote na kila kijana anainua kila mkeka.

HATUA YA 6: Unyevu

Ukanda huu wa ziwa hauna huruma kwa chuma. Ukitoka na gari lenye kiyoyozi ukafungua sanduku nje, mtutu wa baridi hutoa jasho papo hapo, matone madogo kama ya chupa ya soda. Yakibaki kwenye sponji, kesho yake asubuhi utakuta madoa ya rangi ya chungwa, na mara nyingi yana umbo la vidole vyako. Futa kwa kitambaa chenye mafuta, weka kifuko cha silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) cha gramu 100, na usiiache bunduki kwenye begi la sponji usiku kucha hata kama umechoka.

Mwisho wa hatua: namba ya bunduki, picha yake pande zote mbili na nakala ya leseni vikae kwenye simu na pia nyumbani. Leseni halisi tembea nayo, usiiache garini na bunduki. Bunduki ikiibiwa, usianze kuitafuta mtaani. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu mara moja ukiwa na namba hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakutazama wewe mwenye leseni kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mwanachama, Igoma): Mkuu shukrani kwa somo. Mimi natumia Noah, haina buti, vioo pande zote. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, weka sanduku chini ya siti ya katikati au mbele ya siti ya nyuma, likiwa limelala kwa upana wa gari, si kwa urefu. Pima kwanza kati ya mlango na mlango. Tinti pekee haisaidii, mwizi huweka viganja kiooni akachungulia. Zulia la rangi ileile ya sakafu juu ya sanduku linasaidia zaidi.

Swali (mwanachama, Magu): Nina gobole lenye kibali. Nikitoa fataki (kile kiwashio cha baruti) si inatosha?

Jibu: Hapana, mzee wangu. Gobole lenye baruti na risasi bado limeshindiliwa hata bila fataki, na cheche au pigo kali linaweza kuliwasha. Usiliingize garini likiwa limeshindiliwa. Limalizie porini kwa kulipiga kwenye kichuguu au tuta la udongo, safisha mtutu, ndipo ulipakie. Baruti iwe kwenye chombo chake kilichofungwa, mbali na jua na mbali na fataki.

Swali (dada wa Nyegezi): Mume wangu huacha bunduki garini, halafu mimi ndiye naendesha kwenda sokoni. Leseni ni ya kwake. Kuna shida?

Jibu: Shida ipo, dada, na ni kubwa. Leseni ni ya mtu, si ya familia wala ya gari. Ukisimamishwa barabarani wewe ndiye uliyekutwa na silaha isiyo yako. Kabla ya kukupa funguo za gari, yeye aishushe.

Swali (mwanachama, Bunda): Joto la gari lililofungwa haliwezi kulipua risasi?

Jibu: Gari lililoegeshwa juani huku kwetu hupita nyuzi 50 ndani, hasa juu ya dashibodi. Risasi nzima haziwaki zenyewe kwa joto hilo. Tatizo ni kwamba joto la mara kwa mara huharibu baruti taratibu, na risasi iliyopakiwa ikiwa moto sana hutoa mgandamizo mkubwa kuliko kawaida. Ziweke sakafuni, kivulini, na usizirudishe garini wiki baada ya wiki.

Swali (mwanachama, Nansio): Kwenye kivuko tunashushwa garini. Bunduki inabaki?

Jibu: Mkuu, ikiwa kwenye sanduku lililofungwa sakafuni, bila komeo, inabaki. Wewe simama pale unapoona milango ya gari, usipande juu kupunga upepo. Ikiwa ni kebo tu, tangulia kuwaeleza wahusika wa kivuko kabla gari halijapanda, ukiwa na leseni mkononi.

Swali (mwanachama, Lamadi): Nikikata kupitia geti la Ndabaka, la Hifadhi ya Serengeti, kwenda Arusha?

Jibu: Usijaribu bila kibali. Hifadhi ya Taifa hairuhusu kuingia na silaha hata kama imefungwa na wewe unapita tu. Omba ruhusa ya maandishi TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) kabla ya safari, au zunguka kwa barabara ya nje ya hifadhi. Kuiacha kwenye gari la mwenzako getini nako si njia.

Swali (mwanachama, Buzuruga): Nikiweka trakingi ndani ya sanduku?

Jibu: Sanduku la milimita 3 lililofungwa vizuri linazuia mawimbi, kwa hiyo kifaa hakitapata setilaiti wala mtandao wa simu. Kifiche kwenye gari lenyewe, chini ya plastiki ya dashibodi, kiunganishwe na betri. Na jaribu kama kinasoma gari likiwa limezimwa, vingine hulala funguo ikitolewa.