Jinsi ya kujua trekta la zamani ni la mwaka gani: Ferguson, Massey na Ford

Watu wengi wakienda kuangalia trekta la zamani wanauliza bei, wanasikiliza injini inavyonguruma, wanapiga teke tairi, halafu mwaka wanaukubali tu vile muuzaji au dalali alivyosema. Mimi naona mwaka ndo pa kuanzia, kwa sababu ndo unakwambia injini gani inatakiwa iwe mle ndani, spea zake utazipata kirahisi au utazunguka mpaka uchoke, na hiyo bei unayotajiwa ina maana au haina. Na sio kwa wanunuzi tu, kuna familia nyingi zina trekta la babu limekaa chini ya mwembe na hakuna anayejua ni la lini. Kujua inawezekana bila hata kuita fundi, unahitaji tochi, brashi, mafuta ya taa kidogo na muda wa kujichafua.

Kabla hujashika brashi elewa hili kwanza: trekta la umri huo karibu kila mara ni mchanganyiko. Boneti ilitolewa kwenye lingine, injini ilishabadilishwa, dashibodi ilivunjika ikawekwa ya mitumba. Kwa hiyo usitafute alama moja ikupe jibu, kusanya alama tatu nne uone zinakutana wapi. Zikigombana, mimi naegemea kwenye vyuma vikubwa, yaani bodi ya giaboksi na bodi ya difu, maana trekta hizi hazina chesisi kama lori, giaboksi na difu ndo mwili wenyewe na watu huvibadilisha mara chache sana.

Anza na umbo na rangi, angalau upate muongo. Ferguson ndogo ya kijivu tupu, boneti ya mviringo, hiyo ni TE20, ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kwenye kiwanda cha Banner Lane kuanzia 1946 mpaka 1956. Ikafuata Ferguson 35 mwaka 1956, boneti kijivu lakini injini na giaboksi vina rangi ya shabashaba, na mwisho wa 1957 hiyo hiyo ikageuka Massey Ferguson 35, boneti nyekundu na mwili wa kijivu. Massey 135 yenye boneti ya kona kona imeanza kutoka mwisho wa 1964. Upande wa Ford, Fordson Major mpya ilikuja 1952 na bluu yake na rimu za rangi ya chungwa, Power Major 1958, Super Major 1960, halafu 1964 zikaisha zikaingia Ford 2000, 3000, 4000 na 5000. Ford 6600 ambayo tunayo sana huku ni ya kuanzia 1975.

Sasa rangi inapigwa upya, kila mtu anajua, kwa hiyo usiiangalie pale inapong'aa. Kwangua kidogo chini ya dashibodi, chini ya kiti, ndani ya madgadi, sehemu ambazo mpiga rangi huwa anaona uvivu kufika. Ukikuta kijivu chini ya nyekundu kwenye boneti ya 35, hiyo boneti ilizaliwa Ferguson kabla ya Massey, na hapo tayari umeshapata mwaka au miwili.

Umbo peke yake pia linatosha kukata hadithi nyingi. Utasikia mtu anasema 135 yake ilikuja na ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga kule Kongwa, Tanganyika, sasa mpango ule ulianza 1947 ukafa 1951, na 135 ya kwanza ilikuwa bado miaka zaidi ya kumi haijazaliwa. Hadithi ya mzee iheshimu, inawezekana anakumbuka trekta lingine lililokuwepo kabla, ila usiandike mwaka kwa hadithi.

Tukija kwenye kibati sasa, yaani kile kipande cha bati chenye namba ya trekta, hapa ndo penyewe. Kwenye TE20, 35 na 135 kitafute kwenye dashibodi, maeneo ya chini ya usukani na geji. Kioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, tafadhali usipeleke brashi ya waya wala grainda maana herufi hazina kina na ukizifuta zimeenda. Kama hazisomeki pakaza chaki halafu futa juu juu, chaki itabaki kwenye mikwaruzo, au mulika tochi kwa pembeni usiku na upige picha. Angalia na ribiti zake, kibati kipya kinauzwa mtandaoni bei rahisi tu, kwa hiyo ukiona kibati kinang'aa, kimefungwa na skrubu, na kila kitu kingine kimezeeka, jua namba hiyo inahitaji ushahidi mwingine.

Kwa TE20 namba inasomeka hivi. Herufi zinakwambia injini: TE tupu ni zile za mwanzo zenye injini ya Continental ya Marekani, TEA ni petroli ya kampuni ya Standard, TED ni ya mafuta ya taa, TEF ni dizeli ambayo imeanza 1951. Halafu ile namba yenyewe inakupa mwaka, kila mwaka ulianzia hapa: 1947 ni 316, 1948 ni 20895, 1949 ni 77773, 1950 ni 116552, 1951 ni 167924, 1952 ni 241336, 1953 ni 310780, 1954 ni 367999, 1955 ni 428093 na 1956 ni 488579. Yaani kama chako kimeandikwa 200000, kimevuka 167924 hakijafika 241336, basi ni 1951. Usichanganye na namba iliyogongwa kwenye bloku, ile ni ya injini na haiendi na orodha hii.

Massey 35 ina jambo moja ambalo naomba mnunuzi yeyote alisikie vizuri. Zile za dizeli za mwanzo zilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne, na mwisho wa 1959 wakaweka Perkins ya silinda tatu. Ya silinda nne inajulikana kwa kuwa ngumu kuwaka asubuhi ya baridi, na spea zake ni shida, wakati ya Perkins spea zimejaa kila mji. Kwa hiyo fungua macho, hesabu paipu za dizeli zinazoenda kwenye nozeli, tatu au nne. Halafu rudi kwenye kibati, ikianza SDM herufi ya D ni silinda nne, ikianza SNM ile N ni Perkins silinda tatu. Kibati cha SDM na injini ya paipu tatu maana yake mtu alishabadilisha injini, na kwa kweli huyo alikufanyia hisani, ila mwaka wa trekta unabaki kabla ya 1960.

Kwa 135 ya Uingereza namba zimeanzia 101, kuingia 1966 zilikuwa 30283, 1968 ni 93305, 1970 ni 141426, halafu mwishoni mwa 1971 wakaruka wakaingia laki nne, na 1972 inaanzia 403518.  Ukikuta namba ndefu ya tarakimu tisa inayoanza na 641, hiyo imeundwa Detroit Marekani na orodha hii haiihusu kabisa.

Ford za kuanzia 1965 mimi nazipenda kwa sababu zinaongea zenyewe. Safisha pale juu ya stata, kwenye bodi ya giaboksi, kuna eneo bapa limegongwa namba. Tafuta kodi fupi (code) kama 8C14B: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, herufi ni mwezi, A ni Januari na kuendelea mpaka M ya Desemba maana I wameiruka, namba inayofuata ni siku, herufi ya mwisho ni shifti ya kiwandani. Kwa hiyo hiyo ni tarehe 14 Machi ya mwaka unaoishia na 8. Namba ya trekta ikianza na B imetoka Basildon Uingereza, A ni Antwerp Ubelgiji, C ni Highland Park Marekani. Sasa 8 ni 1968 au 1978? Kama ni 5000 ni 1968 maana 1978 zilishaisha. Na kama bado unasita, angalia namba za spea zilizotokeza kwenye vyuma vya kumimina, zikianza C5 mchoro wake ni wa 1965, D0 ni 1970, D5 ni 1975, yaani C ni miaka ya sitini, D ya sabini, E ya themanini. Huo ni mwaka wa mchoro tu, trekta haliwezi kuwa la zamani kuliko huo ila linaweza kuwa jipya kuliko huo.

Injini ya Perkins nayo ina siri yake. Kuanzia 1974 namba yao, mfano inayoanza na CE kwa silinda tatu ya Massey 135 na 240, inaishia na herufi ya mwaka: A ni 1974, B 1975, C 1976, D 1977, wakaendelea hivyo, wameruka I, O na Q, kwa hiyo H ni 1981 na J ni 1982. Ile U ya katikati ni Uingereza. Kibati cha 1968 na injini inayoishia D, basi hapo injini ina miaka tisa pungufu kuliko trekta, na ukienda dukani kununua pistoni au gasketi peleka namba ya injini, usitaje mwaka wa trekta.

Stata na dainamo za kampuni ya Lucas zinagongwa wiki na mwaka, 34 67 ni wiki ya 34 ya 1967. Peke yake haina nguvu, ila ikikubaliana na kibati inatia moyo sana. Trekta lililoletwa mitumba toka Uingereza wakati mwingine bado lina pleti yake ya kule, na kama herufi moja iko mwishoni, C ni 1965, D ni 1966, zinapanda hivyo mpaka Y ya 1982/83, japo huo ni mwaka wa kusajiliwa. Kadi au logibuku ya huku nayo ichukulie hivyo hivyo, wengi waliandika mwaka wa kuingia nchini.

La mwisho ni Massey 240, maana hapa watu wanaumia. Imetengenezwa Uingereza, lakini pia Pakistani kwenye kampuni ya Millat, na India kampuni ya TAFE wameunda Massey miaka mingi, na zote zinafanana machoni. Soma kibati chote mpaka neno la nchi, piga picha namba ya trekta na namba ya injini pamoja na herufi zake zote, bila kuruka hata moja, ndipo urudi kuongea bei.