Mimi si fundi wa waifai: kutafuta kazi Mwanza ukiwa mtafiti mchanga wa mitandao

Usaili wangu wa kwanza baada ya kumaliza uzamili ulichukua dakika kumi na mbili. Kwenye barua ya maombi nilikuwa nimejitambulisha kama "mtafiti wa sayansi ya mitandao". Mwenyekiti wa jopo akaniuliza naweza kufunga ruta ngapi kwa siku. Nikacheka, nikidhani ananitania. Kumbe yuko makini. Ofisi ile, ambayo sitaitaja, ilitaka mtu wa kuvuta nyaya na kuweka waifai ghorofa ya pili. Mimi nilikuwa nimebeba michoro ya wauza dagaa.

Kosa lilikuwa langu. Kwa Kiswahili chetu mtandao ni intaneti, au ni vile vipau vya simu vinavyopotea meli ikishafika katikati ya ziwa. Sisi tunaochunguza nani ameungana na nani, na kitu gani kinapita kati yao, bado hatuna jina linaloeleweka mtaani. Hizi hapa chini ni hatua ninazozifuata tangu siku ile. Sasa hivi nina mkataba wa miezi sita wa kusafisha data na bado natafuta, kwa hiyo anayekuandikia yuko foleni moja na wewe.

Hatua ya 1: Andika unachochunguza bila kutaja neno "mtandao"

Sentensi moja tu, ambayo mama ntilie wa Kirumba ataielewa huku anageuza chapati. Yangu ya zamani ilikuwa hivi: "Ninavutiwa na mienendo ya mitandao changamano inayobadilika kwa wakati." Ya sasa: "Nachunguza dagaa wanapita mikono ya nani kutoka mtumbwini hadi kwa mnunuzi wa mwisho, na kinachotokea mtu mmoja wa katikati akiacha biashara."

Utafiti ni uleule. Hata hiyo "inayobadilika kwa wakati" ina maelezo yake hapa kwetu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa haivuti vizuri, wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo biashara yote inatanuka na kusinyaa kufuata mwezi: usiku wa giza kuna wanunuzi, madalali na wabebaji ambao siku za mbalamwezi huwaoni kabisa. Mtu akishaelewa hilo, ndipo unaweza kumwambia kitaalamu kinaitwaje, kama atataka kujua.

Jaribu sentensi yako kwa watu watatu wasiosoma somo lako. Akikuuliza "sasa huyo wa katikati akiacha inakuwaje?", umefaulu. Akikuambia "hongera sana", rudi ukaandike upya.

Hatua ya 2: Tengeneza mtandao mmoja mdogo wa mahali ambapo mwajiri anapajua

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunapeleka michoro ya data za Marekani tulizopewa darasani. Mwajiri wa Mwanza hawezi kukukosoa kwenye data asizozijua, na asipoweza kukukosoa hawezi kukuamini pia.

Mimi nilianza na vivuko. Somo letu lenyewe lilianzia kwenye madaraja: mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha kwamba haiwezekani kutembea mji wa Königsberg ukavuka kila daraja kati ya yale 7 mara moja tu. Sisi tunalo letu, la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi, kama kilomita 3, lililofunguliwa mwaka 2025. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na vituo 8 na viungo 8, yaani njia za moja kwa moja kati ya vituo viwili:

Mwanza – Kamanga (kivuko)
Kamanga – Sengerema (barabara)
Mwanza – Kigongo (barabara)
Kigongo – Busisi (daraja)
Busisi – Sengerema (barabara)
Sengerema – Geita (barabara)
Mwanza – Nansio (meli)
Nansio – Ukara (barabara na kivuko)

Nimeacha kwa makusudi njia ya Rugezi na Kisorya inayoiunganisha Ukerewe, kisiwa chenye Nansio, na Bunda, ili hesabu itoshe kwenye karatasi. Utaiongeza mwenyewe baadaye.

Sasa chukua kipimo kimoja tu. Mimi nakiita hesabu ya kupitiwa (kwa Kiingereza betweenness centrality): kituo kinapitiwa mara ngapi na wanaosafiri kati ya vituo vingine. Alikiweka sawa mwanasosholojia Linton Freeman mwaka 1977. Vituo 8 vinatoa jozi 28. Kwa kila jozi tafuta njia yenye viungo vichache zaidi, kisha kila kituo kilichopo katikati ya njia hiyo kipe alama moja. Mfano Ukara na Geita: Ukara, Nansio, Mwanza, Kamanga, Sengerema, Geita. Viungo 5. Ukizungukia Kigongo vinakuwa 6, kwa hiyo Kigongo haipati kitu kwenye jozi hii, ila Nansio, Mwanza, Kamanga na Sengerema zinapata moja moja.

Ukizimaliza jozi zote, matokeo ni haya: Mwanza 11, Sengerema 7, Kamanga 6, Nansio 6, Kigongo 3, Busisi 2. Geita na Ukara 0, maana ziko mwisho wa njia. Jumla ni 35. Ukipata tofauti, kuna jozi umeiruka. Fanya kwa mkono kwanza, ndipo uingize kwenye NetworkX, programu ya kuhesabu mitandao. Usaili mmoja niliwahi kuombwa nieleze programu inapataje ile namba, na bila ile karatasi ningeaibika.

Lakini zitazame tena zile namba. Eti Kamanga ina uzito mara tatu ya Busisi? Dereva yeyote wa basi la Geita atakucheka. Hesabu haikukosea, ila imehesabu kiungo cha kivuko na kiungo cha daraja kama kitu kimoja. Kwa hiyo kila kiungo kiwekee dakika, pamoja na zile za kusubiri. Usizitoe kichwani, waulize wanaosafiri. Kwa dakika nilizokusanya mimi, kwenda Sengerema kwa kupita darajani ndiyo njia ya haraka, na picha ikapinduka: Kigongo ikapanda kutoka 3 hadi 9, Busisi kutoka 2 hadi 8, Kamanga ikaanguka kutoka 6 hadi 0.

Sifuri hiyo ndiyo iliyonifundisha kuliko masomo yote ya muhula. Nilimwonyesha mjomba wangu, anayeishi ng'ambo, upande wa Kamanga. Akaniuliza, "Yaani wewe na elimu yako yote unaniambia hatupandi kivuko?" Kipimo hiki huhesabu wanaopita tu. Anayeanzia safari Kamanga au kuishia Kamanga hahesabiwi. Mtu wa Kamanga mwenye ndoo zake mbili za nyanya za kuuza mjini hawezi kuzunguka Busisi. Andika jambo hilo wazi chini ya mchoro wako, ili mtu wa jopo asilione kabla yako.

Hatua ya 3: Peleka mchoro kwa wenyewe

Kwa upande wa dagaa nilikwenda soko la Mwaloni, Kirumba. Nilikuwa tayari na mchoro wangu: mvuvi, dalali, mnunuzi wa jumla, msafirishaji. Nikamkuta mama mmoja anashona gunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka debe au gunia?"

Nikamwambia nina swali tu. Dagaa wakifika, simu ya kwanza anampigia nani?

"Mimi simpigii mtu. Anapiga yule mwenye chanja." Akanyoosha sindano kuelekea upande wa ziwani. "Yeye ndiye anajua za nani zimekauka na za nani zina mchanga."

Mwenye chanja hakuwepo kabisa kwenye mchoro wangu. Nilikuwa nimewapanga watu kwa anayelipa na anayelipwa, wakati habari inapita kwa anayeanika. Tangu hapo nauliza maswali mawili tu: simu ya kwanza unampigia nani, na mara ya mwisho mali ulimkopesha nani. Majibu yanatoa mitandao miwili tofauti, na pale inapoachana ndipo penye utafiti.

Angalizo: usiandike majina. Kila mtu mpe namba, na karatasi yenye majina iweke mbali na data. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mbali na sheria, nani anamdai nani ni siri ya soko. Kama kazi yako inagusa afya, mfano kichocho visiwani, kibali cha maadili kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kitangulie kabla hujamuuliza mtu lolote.

Hatua ya 4: Ukurasa mmoja

Picha moja, sentensi tatu, na mstari mmoja unaosema mchoro hauonyeshi nini. Gephi, programu ya kuchora mitandao, itakuchorea bila gharama. Faili liwe jepesi, kwa sababu litafunguliwa kwenye simu, pengine ndani ya daladala. Rangi mbili zinatosha.

Hatua ya 5: Tafuta tangazo kwa jina lingine

Ukiandika "mitandao" kwenye sehemu ya kutafutia utaletewa kazi za ruta. Tafuta mchambuzi wa data, ufuatiliaji na tathmini, ugavi na usafirishaji, epidemiolojia, udhibiti wa udanganyifu kwenye miamala ya simu. Kazi hizo zote ndani yake zina swali la nani ameungana na nani. Nafasi nyingi za serikali hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Mwanza ina vituo vya TAFIRI (utafiti wa uvuvi) na NIMR, ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) na chuo kikuu cha afya pale Bugando. Ng'ambo ya ziwa, Jinja, kuna Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria (LVFO) inayoziunganisha nchi zinazozunguka ziwa hili. Soma ripoti zao kabla ya kusubiri matangazo. Ukikuta jedwali linaloorodhesha mialo bila kuonyesha inavyouziana, umepata cha kuandika kwenye barua.

Kama ulisoma nje, shughulikia mapema utambuzi wa cheti chako Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Tangazo halitakusubiri.

Hatua ya 6: Tumia somo lako kwenye simu yako mwenyewe

Hili linanichekesha kila siku. Tunasomea mitandao, halafu kazi tunawaomba mashangazi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya watu 54 wa kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Sababu yake haina uchawi: shangazi anajua yale unayoyajua, maana mko kundi moja la WhatsApp. Anayezunguka kwingine ndiye mwenye habari ngeni. Mwaka 2022 jarida la Science likatoa uchambuzi wa majaribio ya LinkedIn yaliyogusa watu zaidi ya milioni 20 kwa miaka 5, na ukaongeza kitu: wanaosaidia zaidi ni wale wa uhusiano hafifu kiasi, si wale wa uhusiano hafifu kupita kiasi.

Chukua karatasi. Andika watu 40 walioko kwenye simu yako. Unganisha kwa mstari wale wanaofahamiana. Utaona bonge moja la ndugu na kanisani, bonge la chuo, halafu watu watano au sita wako pembeni, hawajuani na yeyote. Anza na hao. Wasipokukumbuka kabisa, waache. Wakikumbuka angalau jambo moja, andika.

Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa: "Mambo kaka, naomba unisaidie connection ya kazi." Haukujibiwa, na ningekuwa mimi nisingeujibu pia. Huu ulijibiwa siku ileile:

"Habari za siku nyingi kaka. Ni yule dada uliyemwazima chaja kwenye mafunzo ya ukusanyaji data mwaka jana. Nimechora jinsi abiria wa Geita na Ukerewe wanavyopita Mwanza, ni ukurasa mmoja, nimeuambatisha. Nikuombe dakika kumi kwa simu ukipata nafasi, unieleze kazi ya namna hii kitengoni kwenu mnaiitaje. Siombi kazi kwako. Asante sana."

Kazi hana uwezo wa kukupa. Jina la kazi analo, na kulitaja hakumgharimu kitu. Ndipo nilipojua kwamba kwao kazi yangu inaitwa "uchambuzi wa mnyororo wa thamani", maneno ambayo nisingeyatafuta hata siku moja. Usipojibiwa, subiri wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha acha.

Hatua ya 7: Usaili

Nenda na karatasi tupu na kalamu. Wakiuliza unafanya nini, chora vituo vitano mbele yao, wape kalamu, uwaombe waongeze kiungo ulichosahau. Kuna jopo lililobishana lenyewe kwa lenyewe dakika nne kuhusu kisiwa cha Kome, nami nikatulia nikisikiliza. Wiki ijayo naitwa tena.

Na kama unataka kuanza na dagaa, angalia mwezi kabla ya kupanda daladala ya Kirumba. Wiki ya mbalamwezi mwaloni kunapoa, watu wana nafasi ya kukaa na kujibu maswali. Giza likirudi hakuna atakayekusikiliza.